Mwandikie Fundi Usiyemjua: Ushauri kwa Watengenezaji wa Vifaa Huria vya Maabara

Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha utafiti uliopitia orodha za vifaa vya tiba zaidi ya laki moja kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo. Takriban asilimia 38 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Watafiti hao walitaja ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu na miundombinu mibovu. Fundi wa kwetu ataongeza mengine anayoyaona kila siku: vipuri havipatikani, ramani ya saketi ni siri ya kiwanda, na skrubu za kifuniko hazina bisibisi yake mtaani. Mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo. Imeungua fyuzi, au imekufa feni, na mashine ya mamilioni ya shilingi inabaki stoo ikifunikwa na vumbi.

Vifaa huria vya maabara vinakusudia kuliondoa tatizo hilo tangu kwenye mchoro. Kifaa ni huria pale ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kukichunguza, kukitengeneza, kukibadilisha, kukigawa na hata kukiuza, na amepewa mafaili yanayomwezesha kufanya hivyo. Wazo hili limekua pamoja na maabara za jamii, yaani sehemu ambapo walimu, wanafunzi, mafundi na wapenzi wa sayansi hufanya biolojia nje ya vyuo na viwanda. Mtandao wa DIYbio ulianzishwa Boston mwaka 2008, na Genspace ikafungua maabara yake Brooklyn mwaka 2010. Bei za mashine ziliwalazimisha watu hao kujitengenezea zao. Mwaka 2016 watengenezaji wa vifaa huria kutoka nchi mbalimbali walikutana kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Mkutano wa Afrika, AfricaOSH, ulifanyika Kumasi mwaka 2018, kisha Dar es Salaam mwaka 2019. Kwa hiyo jambo hili lilishafika kwetu. Ninachotaka kuzungumza nawe msomaji, uwe mwalimu wa fizikia Kisumu, fundi wa redio Tanga au mwanachuo Mbeya, ni namna ya kulifanya vizuri.

Kwangu mimi kipimo ni kimoja. Je, mtu asiyekujua, aliye mji mwingine, anaweza kukijenga kifaa chako, kuhakikisha kinapima sawasawa, na kukitengeneza kikiharibika, bila kukupigia simu? Kama hawezi, umejitengenezea kifaa chako mwenyewe. Huenda ni kizuri sana, lakini bado hujawapa wengine kitu.

Anza na kazi, mashine itafuata

Vikundi vingi vinavyoanza hukimbilia mashine ya PCR, ile inayonakili DNA, kwa sababu ndiyo yenye sifa. Nashauri msianze hapo. PCR inahitaji vimeng'enya vinavyotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vianzio vya DNA vinavyoagizwa nje, na mikono iliyozoea kupima ujazo mdogo mno. Mashine itakamilika, kisha itakaa. Mimi ningeanza na inkubeta, yaani kisanduku kinachotunza joto la aina moja kwa saa nyingi. Kwa inkubeta darasa linaweza kuchunguza maji ya visima, kutengeneza mtindi na kulinganisha aina za hamira. Haichoki kuwa na kazi. Tena karibu kila kosa la usanifu na la uandishi wa maelezo unaweza kuliona humo, kwa hiyo nitaitumia kama mfano.

Kabla ya kuchora chochote, andika kifaa kitafanya kazi gani, kwa namba. "Inkubeta ya joto la mwili" haitoshi. Ukitaka kuhesabu bakteria wote wa koliformu kwenye maji ya kisima, utaotesha kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 24, na kupotoka kidogo hakutaharibu kazi. Ukitaka kutenga koliformu zinazovumilia joto, zile zinazoashiria kinyesi, utaotesha kwenye nyuzi 44 hivi, na hapo kupotoka kwa nyuzi moja kunaweza kukupa jibu la uongo. Kisanduku ni kilekile, lakini sensa na jinsi hewa inavyozungushwa ndani havitakuwa vilevile. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia utumie fedha wapi na wapi ubane. Iandike juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa maelezo yako, kwa sababu ndiyo itakayomsaidia msomaji kujua kama kifaa chako kinamfaa au atafute kingine.

Kinachouzwa mtaani

Chora kwa vitu ambavyo fundi mwingine anaweza kuvipata. Kwa Nairobi ina maana uzunguke Luthuli Avenue kwa vifaa vya umeme na Kamukunji kwa kazi za bati. Kwa Dar es Salaam zunguka Kariakoo na Gerezani. Inkubeta nzuri inaweza kutoka kwenye deli la kuhifadhia barafu, feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, na taa ya gari ya volti 12 wati 21, ileile ya breki, inayouzwa kila duka la spea kuanzia Lamu hadi Kigoma. Taa hiyo hutoa karibu nguvu yake yote kama joto. Ifunike kwa kopo la bati lenye matundu, ili mwanga usifike kwenye vioteshi, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, na kioo chake kisigusane na povu la deli, ambalo huyeyuka upesi.

Taa hiyo ina faida nyingine kubwa: inatumia volti 12. Umeme wa kwetu ni wa volti 230 hadi 240, na katika kisanduku chenye unyevu ambacho wanafunzi watakifungua kwa mikono iliyolowa, umeme huo haupaswi kuwemo. Nunua adapta iliyofungwa kiwandani, iache nje ya kisanduku, na kila kitu kilicho ndani kiwe cha volti 12. Adapta itagharimu zaidi kuliko kuunga taa ya kawaida moja kwa moja kwenye soketi. Ilipe gharama hiyo bila kubishana. Kisha ongeza fyuzi ya joto, ile inayokata umeme moja kwa moja joto likizidi, kwa sababu siku sensa ikichomoka programu ya kidhibiti cha joto itadhani kuna baridi na itaiacha taa ikiwaka usiku kucha. Usichukue ile ya jiko la kupikia wali, maana hiyo hukata kwenye joto kubwa mno ambalo povu halitalifikia likiwa zima. Zipo za nyuzi 73 na 77.

Volti 12 pia zinakuruhusu kutumia betri ya sola umeme wa gridi unapokatika. Fanya hesabu na uiweke kwenye maelezo. Taa ya wati 21 ikiwaka nusu ya muda kwa saa 24 inatumia wati-saa 252, sawa na ampea-saa 21 kwenye volti 12. Betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 42 au zaidi, bila kuhesabu feni na kidhibiti. Msomaji akiiona hesabu hiyo ataweza kuibadilisha kwa ukubwa wa kisanduku chake. Akipewa tu agizo la kununua betri ya ampea-saa 50, hatajua la kufanya pale atakapoipata ya 35.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watengenezaji wengi hulikosa. Orodha ya vifaa isiyo na sababu ni sawa na kumwambia mpishi mgeni atie chumvi kiasi. Chukua mfano wa transista inayowasha na kuzima taa. Maduka mengi yana IRFZ44N. Iko pia IRLZ44N, inayofanana nayo kwa umbo, kwa miguu na karibu kwa kila kitu, isipokuwa herufi moja. Ile yenye L inafunguka vizuri kwa volti 5 zinazotoka kwenye kidhibiti. Ile yenye F imekusudiwa volti 10, na ukiipa volti 5, au mbaya zaidi 3.3, inafunguka nusunusu, inapata moto, na siku moja inakufa. Ukiandika "IRLZ44N" peke yake, mwenye duka atamwambia mnunuzi kwamba hiyo nyingine ni ileile, na mnunuzi hatakuwa na la kumjibu. Andika hivi: "Transista ya MOSFET ya aina ya N, inayofunguka kikamilifu kwa volti 5 getini, yenye kubeba ampea 5 au zaidi. Tumetumia IRLZ44N. Usitumie IRFZ44N." Sasa mnunuzi ana nguvu ya kuchagua kwa akili yake, na kama kuna aina ya tatu dukani anaweza kuihoji.

Fanya hivyo kwa kila kitu kinachonunuliwa: namba, kazi yake, mipaka ya kinachoweza kukaa badala yake, na kisichofaa kabisa. Hata skrubu. M3 ya milimita 8 na M3 ya milimita 12 huonekana sawa kwenye picha, lakini ile ndefu inaweza kutoboa na kugusa bodi ya umeme.

Kuhusu plastiki nitasema kwa kifupi. PLA, ambayo ndiyo rahisi kuchapwa kwa printa ya 3D, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gari lililoegeshwa juani Mombasa mwezi Februari linatosha kuipinda. Haifai karibu na taa, wala haiwezi kuingia kwenye mtungi wa mvuke wa nyuzi 121. Akriliki iliyokatwa kwa leza hupasukapasuka ikipanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 mara kwa mara, na spiriti ndiyo kila mtu huitumia maabara. Dawa ya klorini nayo hula vyuma. Kwa hiyo amua mapema kifaa kitasafishwa kwa nini, kisha chagua malighafi, na uiandike dawa hiyo kwenye kifaa chenyewe kwa wino usiofutika.

Jifunze kwa hadubini ya OpenFlexure

Kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila mtengenezaji wa kwetu akisome kwa makini, kwa sababu mkono wa Tanzania umo ndani yake. OpenFlexure ni hadubini ya kuchapwa kwa 3D iliyoanzia Cambridge kwa kazi ya Richard Bowman na wenzake, ikaendelea Chuo Kikuu cha Bath kwa kushirikiana na wahandisi wa Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Lengo mojawapo lilikuwa kuona vimelea vya malaria kwenye damu, kazi inayohitaji lenzi ya kukuza mara 100 yenye tone la mafuta na meza inayosogea kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja.

Kwa kawaida meza ya namna hiyo hutengenezwa kwa reli na beringi za thamani. Watengenezaji wa OpenFlexure waliziondoa zote. Meza yao ni kipande kimoja cha plastiki chenye miguu myembamba inayopindika kidogo na kurudi, na skrubu inayozungushwa na mota ndogo ya 28BYJ-48, mota ya bei nafuu inayojulikana na kila mwanafunzi wa elektroniki. Usahihi umehamishwa kutoka kwenye vipuri vya kununua ukaingia kwenye umbo lenyewe, na umbo linasafiri kama faili. Huo ni usanifu wa hali ya juu, na umezaliwa na swali la kawaida kabisa: ni kitu gani ambacho fundi wa mbali hataweza kukipata?

Hata hivyo hadubini hiyo hutegemea kamera na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na mwaka 2021 na 2022 kompyuta hizo ziliadimika duniani kote kwa sababu ya uhaba wa chipu. Kwa hiyo weka alama ya tahadhari kwenye orodha yako kwa kila kitu kinachotengenezwa na kampuni moja tu, na useme kifaa kitafanyaje kazi bila hicho. Inkubeta inaweza kuendeshwa na kidhibiti cha kidijitali, lakini pia na swichi ya joto ya kizamani yenye bati pindi, ambayo haihitaji programu wala intaneti.

Jambo la pili la kuiga kwao ni maelezo. Waliunda programu iitwayo GitBuilding, ambamo mwandishi akitaja kipuri katika hatua fulani, kipuri hicho kinaingia chenyewe kwenye orodha ya manunuzi. Aliyewahi kufika hatua ya 14 na kugundua anahitaji nati ambazo hazikuwemo kwenye orodha ataelewa thamani yake. Kama hutumii programu hiyo, fanya kazi hiyo kwa kalamu: pitia hatua zako zote mwishoni, hesabu kila skrubu, ulinganishe na orodha.

Thibitisha kwamba kinapima kweli

Kifaa cha maabara kisicho na ushahidi wa vipimo vyake ni kisanduku cha kubahatisha. Kwa inkubeta, weka sensa katikati na kwenye pembe zote nane, kisanduku kikiwa tupu na kikiwa kimejaa sahani za vioteshi, uandike joto kwa saa 24. Chapisha namba zenyewe, zikiwemo mbaya. Kama pembe ya chini kushoto inakuwa na baridi ya nyuzi mbili zaidi, mwambie mtumiaji asiweke sahani hapo. Kwa kumwambia hivyo unamwongezea imani na kazi yako.

Kulinganisha sensa na kipimo cha uhakika kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu sensa maarufu ya DS18B20 ina uvumilivu wa nusu nyuzi hata ikiwa halisi, na bandia zake zimejaa sokoni. Miongozo mingi huagiza barafu kwa sifuri na maji yanayochemka kwa 100. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo ni sawa kokote uliko. Maji yanayochemka hayako hivyo. Joto la kuchemka hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Dar es Salaam na Mombasa utapata 100. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, utapata karibu 95. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, karibu 94. Fundi wa Nairobi akifuata mwongozo ulioandikwa kwa watu wa pwani, ataipotosha sensa iliyokuwa nzima kwa nyuzi sita hivi kwenye ncha ya juu, na kwenye nyuzi 37 atakuwa amekosea kwa zaidi ya mbili. Kosa hilo halitaonekana kwa macho. Litaonekana kwenye matokeo ya maji ya kisima, na huenda lisijulikane kabisa.

Kwa joto la 37 kuna njia iliyo rahisi zaidi. Kipimajoto cha homa cha kidijitali kinachouzwa duka la dawa kwa kawaida kina usahihi wa moja ya kumi ya nyuzi katika eneo hilohilo tunalolihitaji. Chukua bilauri ya maji ya uvuguvugu, funga sensa na kipimajoto pamoja, koroga polepole, subiri, soma vyote viwili. Kumbuka kukizima na kukiwasha tena kabla ya kila usomaji, kwa kuwa hushikilia joto la juu lililopita. Andika tofauti uliyoiona kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko pamoja na tarehe.

Suala la mwinuko linarudi kwenye kuua vijidudu. Jiko la shinikizo la pauni 15 kwa inchi ya mraba hufika nyuzi 121 usawa wa bahari, na dakika 15 ndizo za kawaida kwa vioteshi. Nairobi jiko hilohilo hufika karibu 118, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Ongeza muda, na kwa taka zenye bakteria ongeza zaidi. Sahani zilizooteshwa kutoka maji ya kisima zifungwe kwa utepe, zisifunguliwe na wanafunzi, na ziuliwe vijidudu kabla ya kutupwa. Usiandike hayo kwenye kiambatisho ambacho hakuna atakayekifungua. Yaandike kwenye hatua yenyewe, pale mkono wa mtu unapofika.

Mkifika kwenye mashine za kuzungusha mirija kwa kasi, msiandike mizunguko kwa dakika pekee. Nguvu inayosukuma vitu kwenda chini ya mrija hutegemea pia urefu kutoka katikati hadi kwenye mrija, na hupanda kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, rota ambayo urefu huo ni sentimita 8 inatoa takriban mara 8,900 ya uvutano wa dunia, na ya sentimita 5 takriban mara 5,600. Utaratibu ule ule, kasi ile ile, matokeo tofauti. Rota ya plastiki iliyochapwa ikipasuka kwa kasi hiyo inaruka kama vipande vya bomu, kwa hiyo mfuniko wenye kufuli na ukuta wa chuma si hiari. Kama kazi yenu ni kutenganisha damu au matone machache, soma kwanza kuhusu Paperfuge ya Manu Prakash na wenzake wa Stanford, iliyochapishwa mwaka 2017. Ni sahani ya karatasi na uzi, gharama yake senti 20 za Marekani, huvutwa kwa mikono, na ilifikishwa mizunguko 125,000 kwa dakika.

Sasa andika

Uandishi uanze siku ya kwanza, si baada ya mashine kukamilika. Ukishaijenga mara tatu, mikono yako inajua mambo ambayo kichwa chako hakiyataji tena. Piga picha kila unapokaza kitu, ukiwa umeweka chini kitambaa cha rangi moja, na mkono usizibe kinachoonyeshwa. Kisha andika hatua kwa ajili ya mtu aliye peke yake mezani. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Funga sensa na uunganishe nyaya." Ya pili: "Pitisha sensa kwenye tundu la kushoto mpaka ncha yake ifike sentimita 5 kutoka ukutani, isiguse ukuta. Waya mwekundu uende kwenye alama ya 5V, mweusi kwenye GND, wa njano kwenye pini ya 2. Washa. Skrini ionyeshe joto la chumba, kati ya 20 na 35. Ikionyesha 85 isiyobadilika au 127 chini ya sifuri, zima na uangalie waya wa njano." Hatua ya pili inamwambia mjenzi atajuaje kwamba amefaulu, na afanye nini asipofaulu. Kila baada ya hatua chache weka ukaguzi wa namna hiyo, ili kosa likamatwe likiwa bado dogo.

Video ni nzuri kama nyongeza, lakini usiitegemee peke yake. Inakula bando, haipekuliki, na huwezi kuisoma ukiwa na bisibisi mkononi. Tengeneza faili moja linalobeba kila kitu na kuingia kwenye flashi, na toleo la kuchapwa kwenye karatasi kwa wino mweusi pekee ambalo bado linasomeka. Liandike kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mafundi huyatumia wenyewe, hata kama una nakala ya Kiingereza kwa ajili ya wengine. Aliyelehemu redio miaka ishirini Morogoro anaweza kuijenga inkubeta hii vizuri kuliko mwenye shahada, alimradi umwandikie yeye.

Toa mafaili asilia. Hili ndilo sharti linalovunjwa mara nyingi kuliko yote. Faili la STL linatosha kuchapa lakini kulibadilisha ni taabu, na picha ya saketi kwenye PDF haiwezi kurekebishwa. Ufafanuzi wa chama cha vifaa huria, OSHWA, unataka mafaili yatolewe katika umbo ambalo mtu angelipendelea kulifanyia mabadiliko. FreeCAD na OpenSCAD kwa maumbo, KiCad kwa saketi: zote ni za bure, kwa hiyo atakayepokea kazi yako hatahitaji kununua programu ili aifungue.

Weka leseni, na uitaje kwa jina. Kazi isiyo na leseni, kisheria, haki zake zote zimebaki kwako, na mwalimu mwangalifu ataogopa kuigusa. CERN ilitoa toleo la pili la leseni yake ya vifaa huria mwaka 2020 katika aina tatu: S inamtaka anayebadilisha na kusambaza aweke wazi mabadiliko yake, W inalegeza kidogo, na P inaruhusu karibu lolote. Kwa vifaa vya jamii mimi hupendelea S, kwa sababu maboresho ya Mwanza yatarudi Mombasa. Leseni hiyo haimkatazi mtu kuuza, na si vizuri kumkataza. Fundi wa Kamukunji anayejenga inkubeta kumi na kuziuzia shule ndiye atakayekuwepo siku zitakapoharibika.

Ipe kila hali ya kifaa namba ya toleo, uichape kwenye kisanduku, na uandike kilichobadilika na kwa nini. Weka pia ukurasa wa mambo yasiyofanya kazi: joto linalopanda kupita kiasi dakika kumi za kwanza, feni inayopiga kelele, sehemu uliyojaribu ikashindikana. Ukurasa huo humwokolea mwenzako wiki nzima.

Na useme bayana kifaa si cha nini. Hadubini au mashine ya PCR uliyoijenga haipaswi kumpa mgonjwa jibu la malaria. Vifaa vya uchunguzi wa magonjwa vina wasimamizi wake, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, na kazi ya kubadilisha vinasaba ina sheria zake za usalama wa kibiolojia. Kujifunza, kufundisha na kuchunguza mazingira kunakupa uwanja mpana wa kutosha.

Kabla ya kutangaza, fanya jaribio la mwisho. Mtafute mtu ambaye hakushiriki kabisa, mpe karatasi zako na fedha za manunuzi, ukae kando. Usimjibu swali lolote. Kila anapokwama, andika ni hatua ya ngapi na alikuwa anatafuta nini. Utatamani kumsaidia, jizuie, kwa sababu fundi wa Kigoma hatakuwa nawe. Kisha rekebisha maelezo, umtafute mtu wa pili. Akimaliza na inkubeta yake ikakaa kwenye 37 usiku kucha, toa kazi yako hadharani.

Kama tayari una kifaa kilichokamilika mezani na hujaandika chochote, usianze kingine. Chukua hicho, kifungue skrubu zote, ukijenge upya ukiwa na kalamu na kamera ya simu, na umpelekee mwalimu wa sayansi wa shule iliyo jirani yako. Yeye ndiye msomaji wako wa kwanza.